Kodi Inaposamehewa, Nani Anavuna Shambani?



Juma hili nawaalika tutafakari pamoja juu ya ardhi yetu. Habari za uwekezaji zimezoeleka mno masikioni mwetu, hata tunazipokea bila kuzipima. Mikataba ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma, ilitiwa saini kati ya mwaka 2021 na 2022. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika wilaya za Nzega na Igunga, na pale Sojo, wilayani Nzega, kiwanda cha kuyapaka mabomba yake kilizinduliwa mwezi Machi 2024. Jirani zetu wa Kahama wameshuhudia ardhi ya mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliofungwa mwaka 2021, ikigeuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, yaani eneo ambalo mwenye kiwanda hupewa nafuu ya kodi na ushuru ili aje azalishe na kuuza.

Palipo na habari za namna hii, dalali hatokei mbali. Huja kwa pikipiki, huuliza mpaka wa shamba uko wapi, na kabla ya mvua kuanza ekari kadhaa zimekwisha kubadili mikono. Mwuzaji hufurahi kwa sababu amepata fedha ambayo hajawahi kuishika maishani mwake. Mnunuzi hufurahi zaidi, naye anayo sababu ambayo mwuzaji haijui. Tafakari yangu leo inahusu sababu hiyo.

Kodi inaposamehewa haiyeyuki hewani. Thamani yake huhamia mahali, na aghalabu huhamia katika ardhi. Basi, yule aliyeishika ardhi hiyo siku tangazo linapotoka ndiye avunaye kile ambacho taifa zima limekubali kukiacha.

Tusidhani kwamba jambo hili lilianza na sheria za juzi. Mji wetu wa Tabora ulikua juu ya suala hili hili. Katikati ya karne ya 19, hapa Unyanyembe palikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi walikuja na nguo, shanga na baruti. Kutoka hapa njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Njiani watemi walitoza hongo, na Wagogo walisifika kwa kuidai bila haya. Lakini hapa Unyanyembe, katika siku za mtemi Fundikira wa kwanza, wafanyabiashara wa Kiarabu waliishi bila kutozwa ushuru wa bidhaa zao. Kwa lugha ya leo tungesema Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati huo, ilikuwa eneo huru la biashara.

Matokeo yake yalikuwa nini? Wafanyabiashara hawakupita tu, bali walikaa. Walijenga tembe kubwa, wakawa na mashamba ya mpunga na ngano, wakapanda miti ya matunda, na mashamba hayo yakalimwa kwa mikono ya watumwa. Msamaha wa ushuru ukazaa makazi, makazi yakazaa mashamba, na mashamba yakazaa nguvu ya kisiasa. Fundikira alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, mrithi wake Mnywa Sele aliamua kutoza ushuru bidhaa zinazoingia katika nchi yake. Wafanyabiashara walikataa, wakisema kwamba mtangulizi wake hakufanya hivyo. Ugomvi ukawa vita. Mwaka 1860 walimsimika Mkasiwa kuwa mtemi mahali pake, na Mnywa Sele akawa mtu wa porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyepita katika nchi hii mwaka 1861, alikutana naye na kuyasikia malalamiko yake.

Sisemi hayo ili kuamsha chuki ya kabila au dini yoyote, kwani wajukuu wa watu wale ni ndugu na majirani zetu. Ninalotaka tulione ni hili: msamaha usio na kikomo kilichotamkwa wazi hugeuka kuwa haki, na siku mwenye nchi anapodai chake huonekana yeye ndiye mvunja amani.

Lipo na funzo jingine ndani ya lugha yetu wenyewe. Neno hongo, ambalo zamani lilikuwa jina la ushuru uliotozwa msafara hadharani, leo ni jina la rushwa. Kile kilichodaiwa mchana mbele ya watu wote sasa huchukuliwa usiku na mtu mmoja. Nchi inapoacha kutoza kilicho halali, wapo ambao hawataacha kutoza kilicho haramu.

Turudi katika siku zetu. Bunge lilitunga Sheria ya Maeneo ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje mwaka 2002, kisha Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi mwaka 2006. Mwaka 2025 ilitungwa sheria mpya iliyounganisha usimamizi wa uwekezaji na wa maeneo hayo chini ya mamlaka moja. Utaratibu uliowekwa na sheria ile ya 2002 ulimpa mwekezaji anayezalisha kwa ajili ya kuuza nje msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, na kumwondolea ushuru wa forodha kwa mitambo na malighafi. Tena, kwa miaka 10, bidhaa zinazozalishwa ndani ya eneo hilo zilisamehewa kodi na tozo za serikali za mitaa.

Jambo hili la mwisho litazamwe kwa makini na watu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Tumbaku ya mkulima wetu inaponunuliwa, halmashauri hupata ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei. Huo ndio unaosaidia kujenga darasa na kununua dawa za zahanati. Kiwanda kilichosamehewa kitatumia barabara ile ile, na watoto wa wafanyakazi wake watakaa katika madarasa yale yale. Swali la haki hapa ni jepesi kuliuliza: darasa hilo litajengwa na nani?

Sasa tuone jinsi msamaha unavyopanda katika ardhi. Tuchukue mfano wa kampuni yenye faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30, yaani milioni 30. Ikisamehewa kwa miaka 10, na faida ikabaki ile ile, imebakiwa na milioni 300 ambazo jirani yake aliye nje ya uzio asingebaki nazo. Hivyo, kuwa ndani ya eneo hilo, au kandokando yake, kumekuwa na thamani mpya. Wafanyakazi watatafuta vyumba vya kupanga. Wenye malori watatafuta maegesho, wafanyabiashara maghala, wasafiri nyumba za wageni. Wote hao watahitaji ardhi iliyo karibu na lango, na ardhi hiyo haiongezeki hata kwa ekari moja.

Mkulima hukutana na jambo hili kwa sura mbili. Shamba lake likiangukia ndani ya ramani, litatwaliwa na kulipwa fidia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, nayo hukadiriwa kwa bei ya soko. Lakini bei ya soko ya lini? Aghalabu ni ya jana, pale shamba lilipokuwa la mahindi na karanga. Thamani itakayozaliwa kesho kwa sababu ya msamaha wa kodi haimo katika hesabu. Shamba likiangukia nje ya ramani, hakuna atakayemlazimisha kuuza, ila dalali atamfikia kabla ya habari, naye atauza kwa bei ya jana kwa hiari yake mwenyewe. Ndani ya uzio na nje ya uzio, aliyelilima shamba kwa miaka 30 anaondoka na thamani ya jana, na ya kesho inabaki kwa mwingine.

Ncha ya pili ya njia yetu ya zamani inatupatia mfano. Bagamoyo, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walitua mizigo yao, palitengwa takriban hekta 9,800 kwa ajili ya eneo maalumu la kiuchumi. Uthamini wa mali za wanavijiji ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000. Wapo waliolipwa, na wapo waliosubiri mwaka hadi mwaka, wasijue kama wapande mwembe mpya au waezeke upya nyumba iliyokwisha kuandikwa katika daftari la mthamini. Mkataba wa awali wa bandari kubwa ulitiwa saini mwezi Machi 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mazungumzo yakasimama mwaka 2019, na baada ya mwaka 2021 yakafufuliwa. Katika miaka yote hiyo bei ya viwanja kandokando haikusubiri meli. Ardhi hupanda kwa tangazo tu, hata kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Na tangazo laweza kufa. Wazee wa Urambo walirithi kumbukumbu ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 katika nchi yetu kwa mitambo na matumaini makubwa, ukaachwa mwaka 1951. Msitu ulikwisha kufyekwa. Mwekezaji anaposhindwa, huondoka. Mwanakijiji anaposhindwa, hana pa kuondokea.

Je, basi tukatae viwanda? La, hasha. Vijana wetu wanahitaji kazi, na wazazi wao mnalijua hilo kuliko mimi. Yapo pia mahali ambapo wenyeji walinufaika. Mji wa Shenzhen nchini China ulipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, palikuwa na vijiji vya wakulima na wavuvi. Wanavijiji wengi walipoteza mashamba yao, lakini walibakiwa na ardhi ya makazi na sehemu ya ardhi ya pamoja. Juu yake walijenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi waliomiminika kutoka mikoani, na ushirika wao wa kijiji ukageuka kuwa kampuni yenye kugawana mapato. Hawakuwa wajanja kuliko watu wa Igunga. Waliposhika hata kipande cha ardhi, thamani mpya ilipozaliwa iliwakuta wamo ndani yake. Hilo ndilo ninalotamani kwa vijiji vyetu: kijiji kipangishe au kiingie ubia, na pale ambapo ni lazima kitoe ardhi, kibakize sehemu iliyo karibu na lango kwa ajili ya watoto wake.

Katika Maandiko Matakatifu, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinatusimulia habari za Nabothi. Mara nyingi tunamkumbuka mfalme Ahabu kama mnyang'anyi tu, tukasahau kwamba alianza kwa ofa nzuri: shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo dhuluma ikafanyika, na tuangalie ilifanyika kwa njia gani. Ziliandikwa barua, zikatiwa mhuri wa mfalme, zikapelekwa kwa wazee wa mji wa Nabothi mwenyewe, nao wakatii. Mauaji yale yalipitia ofisini na katika kikao, mikononi mwa majirani.

Mama Kanisa amelitazama suala hili kwa pande zote mbili. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kumiliki mali, kwani shamba la mnyonge ni jasho lake lililogeuka kuwa ardhi. Papa Paulo VI, mwaka 1967, alifundisha kwamba haki hiyo ya kumiliki si kamili kwa yeyote wakati wengine wanakosa mahitaji ya lazima. Mafundisho haya mawili hayapingani. La kwanza linamlinda mkulima asinyang'anywe, na la pili linamwonya anayelimbikiza ekari asizozilima akisubiri bei.

Kwa hiyo ninayo maneno kwa makundi matatu, na yote matatu hukaa katika mabenchi ya kanisa moja.

Kwenu mnaombwa kuuza: msiuze kwa haraka, wala msiuze kwa siri. Ulizeni kwanza kwa nini mgeni anaitaka ekari hiyo sasa, na kwa nini hataki kungoja hadi mavuno. Ardhi ya familia isiuzwe bila mama wa nyumba na watoto wakubwa kuketi na kukubali. Fuatilieni hati za hakimiliki ya kimila, maana shamba lisilo na karatasi ni rahisi kulihesabu kuwa pori. Jueni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka uamuzi mahali penu: ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na ni pungufu ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo huo. Asiyehudhuria mkutano amekwisha kupiga kura yake. Na ardhi ikishaitwa ardhi ya jumla, hairudi kijijini yenyewe hata kama kiwanda hakijajengwa. Tena, fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi sita, na ikichelewa inadai riba. Hiyo ni haki yenu, idaini kwa adabu na kwa maandishi.

Kwenu mnaonunua: baadhi yenu ni wastaafu, wafanyabiashara na watumishi, mnatafuta mahali salama pa kuweka akiba, wala si dhambi. Lakini yule aliyeiona ramani ofisini, kisha akaenda kijijini kununua kwa bei ya mtu asiyeiona, amechukua kitu kisicho chake, hata kama amelipa na shahidi ametia sahihi. Bei iliyokubaliwa gizani haiwi bei ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimepeana mikono. Kama unajua lililofichika, mwambie mwuzaji, kisha mpatane. Ukiona kwamba ukimwambia hutanunua tena, dhamiri yako imekwisha kukujibu.

Kwenu viongozi wa vijiji, madiwani na watendaji: someni ramani hadharani kabla ya uthamini, na ibandikwe ubaoni. Dai la kwanza kwa kila msamaha liwe tarehe ya mwisho wake. La pili liwe kujua halmashauri itafidiwaje tozo inazoziacha, ili darasa na zahanati visidaiwe kwa mkulima wa tumbaku peke yake. Na siku miaka 10 ikitimia, dai lianze bila kuona haya. Mnywa Sele alikuwa na haki ya kudai ushuru katika nchi yake. Alidai peke yake, kwa kuchelewa, pasipo makubaliano yoyote ya awali ya kumsimamia, na akashindwa. Ninyi mnayo nafasi ya kuyaandika makubaliano kabla msafara haujatua mizigo.

Naomba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilichukue jambo hili katika mikutano ya juma hili. Ulizaneni kwa upole: katika kitongoji chetu ni mashamba mangapi yameuzwa tangu habari za reli zilipoanza, nani ameuza, na familia hiyo inaishije leo? Tusiwaulize ili kuwaaibisha. Tuwaulize ili wale ambao dalali atawafikia kesho wajue la kumjibu. Na palipo na mjane au yatima aliyeitwa kutia dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma, mwenye kujua kusoma katika jumuiya aende naye.

Mwenyezi Mungu, aliye mwenye dunia na vyote viijazavyo, atujalie kuishika ardhi yetu kwa busara na kuigawana kwa haki.

Tumsifu Yesu Kristo.